Ukuta wa Maksai Unavuja

Bi. Leokadia Wachowiak,
Nyumba ya kijani, Barabara ya Kiwanda cha Jibini,
Gromling, Wisconsin.
Jumatatu, baada ya kufua.

Kwa Mhariri,
Gazeti la *Mwangwi wa Gromling*.

Ndugu Mhariri, Bwana Merle Tetzlaff,

YAH: UKUTA WA MBELE WA TIMU YETU, NA MBAVU ZA MJUKUU WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, isipokuwa hasira. Gazeti lako nimelisoma tangu likiuzwa senti kumi, na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Hata mwaka ule ulipotangaza kwamba pai yangu ya tufaha imeshika nafasi ya pili kwenye maonyesho ya wilaya, bila kutaja kwamba mwamuzi alikuwa shemeji yake Ardis Thorvaldson, nilinyamaza. Lakini sasa maji yamezidi unga.

Ijumaa iliyopita, kama ulivyoona mwenyewe, maana ulikaa mbele yangu na kofia yako ikanizibia robo nzima ya mchezo, timu yetu ya shule ya mpira wa Kimarekani, Maksai, ilipigwa arobaini na moja kwa tatu. Kufungwa si kitu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kilichonitoa machozi ni mjukuu wangu Kazimir, yule mji mzima unayemwita Kaz, ambaye ndiye mrushaji wetu. Aliangushwa mara tisa. Mara tisa, Ndugu Mhariri! Tangu Septemba hadi leo ni mara thelathini na nne, ninazo zote kwenye kalenda ya jikoni, kila moja nimeiwekea alama kwa wino mwekundu. Kalenda yenyewe imekuwa kama mtu mwenye surua.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Kaz amesimama chumbani kwake, fulana mkononi. Haivai. Anaitazama tu. Kuivaa kunataka kuinua mikono yote miwili, na wa kushoto haukupanda kupita bega. Nikamuuliza, "Wee, vipi?" Akanijibu, "Nachagua rangi, Bibi." Ana fulana tatu na zote ni za kijivu. Mtoto huyu nimemlea mimi tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki na baba yake akarudi kwenye malori yake. Akidanganya namjua, masikio yanamwiva. Na Ijumaa hii tunacheza na Hallam Lake, wenye kijana wao aitwaye Rugg, ambaye ana ndevu kuliko padri wetu na ambaye mwezi huu peke yake amewapeleka warushaji wawili hospitali. Ninaogopa. Nasema waziwazi bila kuona haya: ninaogopa.

Na kosa si la Kaz. Wewe unajua, mimi najua, hata paka wangu anajua: wale watano wa mbele kazi yao ni moja, kusimama kama ukuta mpaka mrushaji aliye nyuma yao ahesabu moja, mbili, tatu, na mpira umtoke mkononi. Kaz hajawahi kufika mbili tangu shule zifunguliwe. Ukuta unavuja. Kwa hiyo nimekaa, nimekunywa kahawa, nimetafuta chanzo, na sasa nakuletea malalamiko yangu kwa namba, ili mtu asije akasema bibi kizee anabwabwaja.

1. Marobota. Enzi zetu nyasi kavu zilifungwa marobota madogo ya mraba, ratili hamsini kila moja, na wavulana waliyarusha juu ya tela kwa mikono kuanzia Juni mpaka Agosti. Ilipofika Septemba shingo zao zilikuwa pana kuliko vichwa. Kisha ikaja ile mashine ya kufunga marobota ya mviringo, makubwa kama choo cha nje, ambayo hanyanyui mtu, linanyanyua trekta, na kijana amekaa juu anasikiliza redio, kidole kimoja kwenye kijiti. Leo hii kiungo chenye nguvu kuliko vyote katika ukuta wa Maksai ni kidole hicho. Naomba gazeti lako liitake halmashauri ya wilaya ipige marufuku marobota ya mviringo, angalau hadi Novemba. Najua watu watasema kwamba aliyenunua mashine ya kwanza ya namna hiyo hapa Gromling ni marehemu mume wangu Benno. Marehemu hasemwi.

2. Majani ya namna nyingine. Kwa miaka kumi na tisa nimewapikia vijana hawa kila Alhamisi katika ukumbi wa chini wa kanisa, na mila yetu ni ileile: watano wa ukuta hula kwanza, wengine wote husubiri foleni, hata mrushaji. Mwaka huu Ardis Thorvaldson, baada ya kuchaguliwa mwenyekiti wa kamati ya jikoni kwa kura ambazo sitaki kuzizungumzia, ameweka bakuli la kachumbari mwanzoni mwa meza. Mwanzoni, kabla ya soseji! Ananiambia, "Leokadia, mwili wa mwanamichezo unahitaji majani." Nikamwambia, "Ardis, anayehitaji majani ni ng'ombe, na ng'ombe wenyewe tunawaongezea mahindi." Matokeo yake ni nini? Tobias Skaar, ambaye yumo ukutani, ametangaza kwamba hali tena kitu chochote kilichowahi kuwa na mama. Ni kijana mwema, Mungu ambariki, kila mwaka ananisafishia mifereji ya paa bila kuombwa. Lakini Ijumaa alipeperushwa kama shuka kwenye kamba. Mjukuu wangu maskini, ambaye husubiri mpaka mwisho kwa sababu ni mrushaji, huambulia pierogi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, kumi na nane tu, za kujishikiza, naye ni mtoto anayekua.

3. Adabu. Hili linaniuma kulisema kwa sababu nami nina mkono wangu ndani yake. Vijana wetu wamelelewa vizuri kupita kiasi. Hapa kwetu mtu akitaka kupita, unampisha. Ukimgusa kwa kiwiko dukani, unamwomba radhi yeye, na rafu ya maziwa unaiomba radhi pia. Wageni wakiaga nyumbani, tunawaaga sebuleni, tukawaaga mlangoni, tukawaaga tena kwenye dirisha la gari, saa nzima. Haya yote ni mazuri. Lakini Virgil Omdahl, ambaye ndiye wa katikati, ndiye nguzo ya ukuta, Ijumaa nilimsikia kwa masikio yangu, nimekaa safu ya sita. Jitu la wapinzani lilikuja mbio likitoa moshi puani, Virgil akasogea kando akasema, "Lo, samahani, pita tu." Pita tu! Na likapita. Lilipita likamkuta Kaz wangu na kumlaza. Kisha Virgil akaenda akalisaidia kuinuka.

Sikatai, mama yake Virgil nimemfundisha mimi katekisimu, kama nilivyokufundisha wewe. Naomba wazazi wote wa watano hawa waache kufundisha adabu nyumbani kuanzia katikati ya Agosti mpaka mechi ya mwisho. Neno "samahani" lifungiwe kabatini pamoja na nguo za kiangazi. Baada ya hapo watu wawe wema tena kama kawaida, Krismasi itakuwa inakaribia.

3 tena. Nilisahau. Mapacha wa Hruska, ambao nao wamo ukutani, wasipangwe pande mbili tofauti. Wanabishana juu ya trekta kupitia mgongo wa Virgil wakati mchezo unaendelea.

4. Upande wa kushoto. Ndugu Mhariri, hapa naomba unisamehe, maana sitaki kumwaibisha mtoto wa mtu gazetini. Nitamtaja kwa herufi ya kwanza tu: E., mwana wa mhariri.

Kaz anarusha kwa mkono wa kulia, kwa hiyo upande wa kushoto uko mgongoni kwake, haoni kinachomjia. Anayesimama kushoto kabisa mwa ukuta ndiye jicho la mgongo wake. Jicho hilo, Ndugu Mhariri, lina ratili mia moja arobaini na tisa, likiwa limevaa viatu na limekwisha kula. Sisemi E. hajitumi. Hukimbilia mbele kwa moyo wote, hushika anachoweza kushika, aghalabu mguu, na huburutwa nacho. Katika zile mara thelathini na nne, ishirini na mbili zimetoka upande wake. Mbavu zinazomuuma Kaz ni za upande huohuo. Kila mechi ikiisha E. huja nyumbani kwetu, hukaa sakafuni na kumfungua Kaz kamba za viatu kwa sababu mwenyewe hawezi kuinama, na mimi humpa kipande cha pai kwa sababu siwezi kumnyima mtoto pai hata nikiwa nimemkasirikia.

Nikiwa hapohapo kwa E., nina lalamiko dogo la pembeni. Kila Alhamisi mchana hunipitishia gazeti lako akiwa amepanda nyuma ya gari la dada yake. Gari lenyewe halipunguzi mwendo, naye hulirusha hivyohivyo. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu ni hatua arobaini, katikati kuna kamba ya kuanikia, nguzo ya baraza na chungu changu cha maua, na kila Alhamisi, iwe mvua, iwe upepo, gazeti hupita chini ya kamba, kati ya nguzo na maua, na kutua juu ya mkeka wangu katikati kabisa. Pwaa! Mwanzoni nilidhani ni bahati. Miaka mitatu sasa. Wiki iliyopita mlango ulikuwa wazi, likaingia mpaka jikoni na kutua kwenye kiti changu nilipokuwa nataka kukaa. Huu ni utovu wa nidhamu. Mtu mzima anahitaji onyo kabla gazeti halijaingia.

5. Picha zako. Wiki nne mfululizo umechapisha ukurasa wa mbele picha ya mrushaji wetu akiwa chali. Sasa hivi mjukuu wangu anajulikana wilaya tatu kwa nyayo za viatu vyake. Nilikuwa kwa mfanyabiashara wa mbegu kule ng'ambo ya mto, akaniuliza, "Wewe si ndiye bibi yake yule kijana wa nyayo?" Nilikosa pa kuuweka uso. Haya, umekosa picha nyingine? Njoo nyumbani uone picha ya Benno, juu ya meza ya kulia, mwaka 1968, tulipowafunga Hallam Lake kwa mara ya mwisho. Mrushaji peke yake, kichwa juu, mkono umeinuliwa, mpira ndiyo kwanza unatoka. Hakuna mtu mbele yake, hakuna mtu nyuma yake. Hiyo ndiyo picha ya mrushaji! Nimeitazama miaka hamsini na zaidi nikiosha vyombo, na ninalo ombi moja kwa Mungu, kwamba kabla sijafa nimwone Wachowiak mwingine amesimama hivyo. Kaz anao mkono wa babu yake, kila mtu anasema. Naam, nasema mimi. Ni kweli kwamba katika mechi tano mipira yake miwili tu imefika kwa mwenzake, na mmoja kwa mpiga tarumbeta wa bendi, lakini nani anaweza kulenga shabaha na ukuta kama huu?

6. Dawa. Mtu anayelalamika bila kuleta dawa ni mbu. Nina dawa mbili.

Ya muda mrefu: Padri aombwe kwamba katika kutangaza ndoa, wachumba wapana wapewe kipaumbele. Simaanishi kuwakataza wembamba kuoana, sisi si washenzi. Wasubiri tu mwaka mmoja. Tukianza msimu huu, kufikia mwaka wa kumi na saba tutakuwa na ukuta ambao hata treni itaomba njia.

Ya haraka, yaani ya Ijumaa hii: watano wa mbele wapumzishwe, na nafasi zao zichukuliwe na kamati ya jikoni. Usicheke, Merle. Nimetazama hesabu. Ardis peke yake ana ratili mia mbili na kumi, na katika miaka kumi na tisa ya chakula cha Alhamisi hakuna mtu, awe mchezaji, awe kocha, awe padri, aliyewahi kumpita Ardis na kufikia pai kabla ya wakati. Simpendi, lakini ukweli usemwe. Mimi nitasimama kushoto kabisa, mahali pa E. Najua kanuni: mchezaji lazima awe mwanafunzi. Nimekwisha piga simu ofisi ya shule. Niliacha masomo nikiwa na miaka kumi na sita ili kukamua ng'ombe, kwa hiyo kuna madarasa mawili ambayo shule ile bado inanidai, na niko tayari kuyamaliza. Yule binti wa ofisini aliniomba nirudie umri wangu, kisha akasema atauliza. Kocha Pribyl sidhani kama atapinga. Ni mtu mwelewa. Kila Agosti huja jikoni kwangu kupanga mambo ya msimu, na mwaka huu tulielewana upesi sana.

Basi, Ndugu Mhariri, hayo ndiyo yangu. Naomba uyachapishe yote Alhamisi hii bila kupunguza, ukurasa wa mbele, mahali pa nyayo. Sitafuti ugomvi na mtu. Nataka tu Ijumaa usiku mtoto wangu arudi nyumbani kwa miguu yake na avae fulana yake mwenyewe.

Msalimie mkeo, mwambie ile sahani yake ya bluu ninayo na sijaiiba. Wasalimie wa kiwanda cha jibini wote, zamu zote mbili. Msalimie Padri. Msalimie Ardis ukimwona, lakini usisimame. Msalimie na E.

Mimi, msomaji wako wa siku zote na mpishi wa ukuta,
Leokadia Wachowiak

Tanbihi. Jumanne alasiri.

Merle, barua ilikuwa imekwisha fungwa. Nilimwita Kaz anipelekee mpaka ofisini kwako, nikamwambia aisome kwanza atazame kama nimekosea mahali. Akakaa mezani akasoma. Alipofika kwa Ardis alicheka, akajishika mbavu, akalia huku anacheka. Kisha akaenda mpaka mwisho, akaikunja taratibu, akaniuliza, "Bibi, mimi nina ratili ngapi?"

Nikamwambia, "Sijui, wewe bado mdogo."

Akasema, "Mia mbili sitini na moja. Ninainama kuingia jikoni kwako. Viatu vyangu tunaviagiza Milwaukee. Na umemweka Emmett anilinde mimi." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu angesema kwa hasira. "Ukuta ni mimi, Bibi. Mmeniweka nyuma ya ukuta."

Masikio yake hayakuwa mekundu hata kidogo.

Sasa nikuambie kilichotokea Agosti, maana Kocha Pribyl ni muungwana na hatakuambia. Alikuja jikoni kwangu kofia mkononi, akasema, "Mama Wachowiak, Kaz nataka kumweka mbele, kushoto kabisa, na mpira nataka kumpa yule kijana wa Tetzlaff anayerusha magazeti, nimemfuata na gari Alhamisi mbili, hajakosa mkeka hata mmoja." Nikaitazama picha ya Benno. Nikamwambia, "Sawa, Kocha. Na Alhamisi vijana wako watakula wapi?" Basi. Hayo tu. Alisimama pale akigeuzageuza kofia, mwisho akasema Kaz naye ana mkono mzuri. Nikampa pai nzima aende nayo. Nyani haoni kundule, Merle, na mimi nimelikalia langu tangu Agosti na kuwaandikia wenzangu namba moja mpaka sita.

Leo asubuhi nimempeleka kwa daktari. Mbavu hazikuvunjika, zimevilia damu. Ijumaa hii atakaa benchi, ijayo anaruhusiwa kucheza, na atacheza anapotaka yeye. Anataka mbele, kushoto kabisa. Nimempigia Kocha nikamwambia chakula cha Alhamisi kipo, kipo kwa yeyote atakayerusha na yeyote atakayesimama, na kachumbari ya Ardis ikae popote anapopenda, ila si kabla ya soseji. Kocha alinishukuru mara mbili. Kisha akasema Ijumaa Emmett atarusha.

Kwa hiyo Ijumaa hii ni mwanao atakayekuwa nyuma ya ukuta ule, na wa mbele yake ni Virgil wa "pita tu" na wenzake, na Kaz bado hayupo. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi na ninaogopa vilevile kama nilivyokuwa nikiogopa kwa ajili ya Kaz. Njoo tukae benchi moja. Kofia yako iache nyumbani.

Jambo la mwisho. Baada ya Kaz kwenda shule nilishusha picha ya Benno nipanguse vumbi, na fremu ikafunguka nyuma. Nilikuwa nimesahau, Mungu ni shahidi wangu, nilikuwa nimesahau kabisa. Mwaka ule fremu niliyoinunua ilikuwa fupi, nikaikunja picha ili Benno akae katikati. Kwenye sehemu iliyokunjwa kuna wavulana watano, wameinama, matope mpaka machoni, wamewashika Hallam Lake wasipite. Wa kushoto kabisa pua imevunjika na anacheka. Ni baba yako, Merle. Ni Harlan. Amekaa nyuma ya fremu yangu miaka hamsini na zaidi, na mimi naosha vyombo namsifu Benno kwa kusimama peke yake.

Barua usiichapishe. Picha ndiyo hii nimeiweka ndani ya bahasha, ina mstari katikati lakini sura zote zinaonekana. Iweke ukurasa wa mbele Alhamisi, na E. anirushie nakala yangu, mlango nitauacha wazi. Ichapishe nzima. Usikunje popote.